Samaki hewa wa Mkuyuni

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mkuyuni kumsalimia mama mdogo. Nilifika jioni, ule muda daladala za Nyegezi na Buhongwa zimejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni. Nikashuka, nikapitia sokoni kununua ndizi, maana kwa mama mdogo huendi mikono mitupu. Nilipofika kibarazani nikaona pengo. Lile friji lake la juisi halipo. Hilo friji ndilo limemsomesha mdogo wangu kuanzia kidato cha kwanza. Nikamwamkia, nikauliza kama limepelekwa kwa fundi. Akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Wamelibeba watu wa kausha damu, mwanangu. Samaki wako wale wamenimaliza."

Samaki wako! Nilijua ana maana gani, na ndiyo maana naandika leo.

Mwaka jana kikundi chake cha watu 12, wengi wao akina mama wa Mkuyuni, kilivuna kizimba chao cha kwanza cha sato. Kizimba chenyewe kipo upande wa Luchelele ila vikao vyao hufanyika Mkuyuni, chini ya mwembe wa mwenyekiti. Siku ya kuvuna nilikuwepo na kamera yangu. Kulikuwa na mgeni rasmi, ngoma, maturubai na soda. Mgeni rasmi akainua sato mmoja mkubwa juu ya kichwa chake, mimi nikapiga picha, na kesho yake habari ikatoka: kikundi chavuna zaidi ya tani 1.6 za sato. Wadau mkanipongeza. Mama mdogo aliikata ile habari akaibandika ukutani, na mpaka leo ipo hapo, juu kidogo ya mahali lilipokuwa friji.

Kilichonikera nafsi ni kwamba siku ile niliuliza kila kitu isipokuwa swali moja. Niliuliza wamevuna kilo ngapi, watauza wapi, serikali iwasaidie nini. Sikuuliza wamelisha kilo ngapi. Mwandishi mzima, nimesoma hapo hapo Nyegezi, nimekulia kwenye harufu ya samaki, nikaondoka na upande mmoja wa hesabu.

Basi jioni ile ya friji nikamwambia mama mdogo aniletee daftari la kikundi, lile daftari kubwa la kaunta. Nawawekea hesabu hapa kama nilivyozikuta.

Waliweka vifaranga 8,000, kila kimoja shilingi 200. Jumla 1,600,000. Walinunua mifuko 186 ya chakula, kila mfuko kilo 20 kwa shilingi 62,000. Hiyo ni 11,532,000. Mlinzi alilipwa 150,000 kwa mwezi kwa miezi 8, yaani 1,200,000. Mtumbwi na mafuta, 400,000. Jumla yote 14,732,000, na hapo sijaweka gharama ya kutengeneza kizimba wala riba ya mkopo. Siku ya mavuno walitoa samaki 5,400 wenye wastani wa gramu 300. Ni kilo 1,620, zikauzwa kwa shilingi 8,000 kwa kilo. Wakapata 12,960,000.

Toa mwenyewe. Tani 1.6 zilizotolewa gazetini kwa mbwembwe zote zile zilikuwa hasara ya shilingi 1,772,000. Ngoma tulicheza ya nini?

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo penyewe. Chukua kilo za chakula, 3,720, gawanya kwa kilo za samaki, 1,620. Unapata karibu 2.3. Maana yake kila kilo moja ya sato iliyotoka ndani ya maji ilikula, au tuseme ililipiwa, kilo 2.3 za chakula. Wataalamu wana jina lao refu kwa hesabu hii, mimi naiita kilo kwa kilo. Ndiyo hesabu ya kwanza anayoiangalia mfugaji wa sato popote duniani, na ndiyo ya kwanza anayoiangalia mfugaji wa kamba miti kule Ecuador au Vietnam. Sato wa kizimbani akilishwa vizuri kwa chakula kizuri, kilo kwa kilo yake huwa kati ya 1.5 na 2. Samaki hahitaji kula ili apate joto la mwili kama ng'ombe, na hajibebi kwa miguu, maji yanambeba. Kwa hiyo akitumia chakula kingi kiasi hiki, ujue kuna chakula ambacho hakula yeye.

Kama kikundi kingepata 1.6, kilo zile zile 1,620 zingehitaji chakula cha shilingi kama milioni 8. Wangeokoa karibu milioni 3 na nusu. Ile hasara ya milioni 1.7 ingegeuka faida ya milioni 1.7, kwa kizimba kile kile, vifaranga vile vile, soko lile lile. Na friji lingekuwa kibarazani.

Chakula kilikwenda wapi? Rudi kwenye daftari. Waliweka vifaranga 8,000, wakatoa samaki 5,400. Samaki 2,600 hawapo. Nikauliza walikufa lini. Mama mdogo akamwita mwenyekiti, mwenyekiti akampigia simu kijana wa zamu. Kijana akasema wapo waliokufa wiki ya kwanza baada ya safari, wapo walioliwa na mnandi, kuna usiku fisi maji alitoboa wavu, na wengine "labda waliibwa". Wangapi? Hajui mtu. Tena nikachokonoa zaidi: hivi vile vifaranga 8,000 vilihesabiwa? Vilihesabiwa na muuzaji, kwa kikombe. Kikombe cha kwanza alihesabu kimoja kimoja, vilivyofuata akakadiria. Kwa hiyo hata hao 8,000 ni neno la muuzaji.

Lakini kila siku kijana wa zamu alikuwa analisha samaki 8,000. Ndivyo jedwali la kulishia linavyofanya kazi: unapima wastani wa uzito, unazidisha kwa idadi ya samaki, unatoa asilimia fulani ya uzito huo kama chakula cha siku. Tuseme sato wamefika gramu 150 na jedwali linasema uwape asilimia 3. Kwa samaki 8,000 ni kilo 36 za chakula. Kwa samaki 5,400 ni kilo 24 na kitu. Kama wale 2,600 walikuwa wameshatoweka wakati huo, basi kilo karibu 12 zilikuwa zinamwagwa kila siku ya Mungu kwa samaki ambao hawapo. Ni zaidi ya shilingi 36,000 kwa siku. Kuna akina mama pale Mkuyuni wanauza vitumbua wiki nzima hawaipati hiyo.

Mnakumbuka mwaka 2016, serikali ya awamu ya tano ilipowasaka wafanyakazi hewa, wakapatikana zaidi ya 10,000 wanaolipwa mishahara bila kuwepo? Tulishangaa sana, tukaandika sana. Sasa sisi tuna samaki hewa. Wanakula mara mbili kwa siku, kwa mkopo.

Najua kuna mtu atasema, wewe mwandishi, samaki wapo majini, utawahesabuje? Kweli hawahesabiki kama mbuzi. Wenye mabwawa ya kamba miti wana shida kubwa zaidi, maana kamba anakaa chini kwenye matope, humwoni kabisa. Hata hapa Tanzania, kule kijiji cha Jimbo kisiwani Mafia, kuna shamba la kamba miti. Mfugaji wa kamba anazamisha sinia lenye chakula kidogo, baada ya muda analiinua kuona kimebaki kiasi gani, ndipo anaamua awape ngapi. Wenye mitaji mikubwa huko nje siku hizi wanazamisha vipaza sauti majini wasikie kamba wanavyotafuna, wakinyamaza mashine inaacha kumwaga chakula. Sisemi Mkuyuni tununue mashine za kusikiliza samaki. Nasema mtu asiyemwona kabisa mfugo wake anajua kama ameshiba, sisi ambao sato wetu anapanda juu kula tukimwangalia kwa macho tunamwaga tu kwa sababu jedwali limesema.

Na kazi yenyewe siyo ya chuo kikuu. Hesabu vifaranga siku vinapoingia, vyote au vikombe vingi vya kutosha, muuzaji akikasirika akasirike. Kila asubuhi toa waliokufa, andika idadi hata kama ni sifuri. Kila baada ya wiki mbili vua samaki kama mia, wapime, warudishe, asubuhi mapema kabla jua halijakali na kabla hujawalisha, maana samaki aliyeshiba akishikwashikwa anakufa. Ukiwahamishia wavu mwingine, hapo hapo wahesabu upya. Mama anayefuga kuku wa broila pale Buhongwa ukimuuliza kuku 100 wanakula mifuko mingapi mpaka wiki ya tano, anakujibu bila kugeuka. Hakuenda chuo, ila anajua akikosea mifuko miwili, faida imekwenda. Kwa nini kwenye samaki tunakuwa watu wa kubahatisha?

Nadhani ni kwa sababu tunarithi akili ya uvuvi. Mvuvi anauliza umepata ngapi. Hakumlisha sangara wala sato, ziwa lilimlisha, kwa hiyo kilo zote alizotoa ni zake ukiondoa mafuta na nyavu. Mji huu wote umejengwa kwa swali hilo la umepata ngapi. Viwanda vya minofu, Mwaloni pale Kirumba, magari ya dagaa yanayokwenda Kongo, mpaka yale mapanki yaliyotuletea kelele dunia nzima baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004. Kizimba ni biashara nyingine kabisa. Ni karibu na kuku kuliko uvuvi. Ila tunakivuna kwa ngoma za wavuvi.

Na sisi wa vyombo vya habari ndio tunapiga hizo ngoma. Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba, vizimba vyenyewe zaidi ya 200, kwa mikopo isiyo na riba. Jambo jema, sina ubishi nalo, samaki ziwani wamepungua na vijana wanataka kazi. Lakini angalieni tunavyoripoti tangu hapo: vizimba vingapi, vikundi vingapi, mkopo wa shilingi ngapi, tani ngapi. Kizimba ni chombo tu. Tani ni nusu ya habari. Nikisoma habari zangu mwenyewe za miaka miwili sikuti hata moja yenye kilo za chakula, wala idadi ya samaki waliokufa. Na mkopo usio na riba bado ni mkopo, chakula ukikinunua mara moja na nusu ya kinachohitajika hakuna masharti nafuu yatakayokuokoa. (Kikundi cha mama mdogo hakikuwa na mkopo wa aina hiyo. Wao walichanga, pesa ya chakula ikaisha mwezi wa tano, ndipo kila mmoja akakimbilia anakokujua. Mengine mnayajua.)

Tusidanganyane pia kwamba kilo kwa kilo inamaliza kila kitu. Inaweza kupambwa. Ukivuna samaki wadogo namba inakuwa nzuri, kwa sababu samaki mdogo anakua haraka kwa chakula kidogo, ila sokoni sato wa gramu 180 atakupa bei ya kukulia kilio. Ukinunua chakula ghali sana cha kutoka nje namba inashuka vizuri lakini shilingi zinapanda. Na kuna ujanja mwingine wa kitaalamu: baadhi ya mashamba wanahesabu hata uzito wa samaki waliokufa kana kwamba ni mavuno, namba inang'aa. Kwa mwanabiolojia hesabu hiyo ina maana yake, anataka kujua mwili wa samaki unatumiaje chakula. Kwa mama mdogo haina maana, hakuna mtu Mkuyuni anayenunua samaki aliyekufa mwezi wa pili. Kwa hiyo mimi nataka namba mbili ziandikwe pamoja kila zinapotajwa tani: kilo za chakula zilizolipiwa kwa kila kilo iliyouzwa, na shilingi za chakula kwa kila kilo iliyouzwa. Kikundi cha mama mdogo hiyo ya pili ilikuwa kama shilingi 7,100. Samaki wa 8,000 amekula 7,100. Hata asiyejua hesabu hapo anasimama.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye daftari. Zile kilo 12 za siku hazikuyeyuka. Zilizama. Chakula kilichozama kinaoza, na kinapooza kinakula hewa iliyomo ndani ya maji, ile ile wanayoivuta samaki. Kinaacha pia rutuba, mwani unastawi, maji yanakuwa ya kijani. Ghuba yetu ya Mwanza siyo kina kirefu na tayari ina mzigo wake, mto Mirongo unaingiza humo kila tunachokitupa mjini. Na sisi tunakunywa humo humo. Chanzo cha maji kipo Capri Point na kingine kipya kipo Butimba, jirani kabisa na Mkuyuni. Kizimba kimoja cha akina mama 12 hakitaharibu ziwa, nakubali. Vizimba mia kadhaa vinavyolisha samaki hewa ni habari nyingine.

Wenzetu Kenya wametangulia, tungekuwa tunajifunza kwao. Mwishoni mwa miaka ya 2010 walikuwa na vizimba zaidi ya 3,000 upande wao wa ziwa. Novemba 2022 samaki wa vizimba Kisumu wakafa kwa wingi, watu wakaamka asubuhi wakakuta mtaji wote unaelea tumbo juu. Watafiti wao wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walisema maji ya chini yenye hewa kidogo yalipanda juu. Upepo haumwombi mtu ruhusa, hilo kweli. Lakini uchafu uliolala chini ya vizimba unaifanya siku kama hiyo kuwa mbaya zaidi, na mfugaji asiyejua amemwaga nini hajui amelalia nini.

Halafu dagaa. Chakula cha samaki kinataka protini, na sehemu ya protini hiyo hapa kwetu inatoka kwenye dagaa, au kwenye wale uduvi wadogo wa ziwani ambao Wajaluo wanawaita ochong'a. Yaani tunachukua dagaa ambaye mtoto wa Igogo angekula na ugali, tunamsaga, tunampa sato, na sato anakwenda kwa mwenye uwezo wa shilingi 8,000. Kama sato huyo yupo angalau tunabishana. Kama ni sato hewa, dagaa huyo amerudishwa ziwani akiwa amesagwa na kulipiwa mfuko, usafiri na riba.

Rufiji miaka ya 1990 kulikuwa na ule mradi mkubwa wa kamba wa African Fishing Company, hekta maelfu kwa maelfu za delta. Namba zilizotangazwa zilikuwa za aina hii hii, tani na dola. Waliouliza mikoko itakuwaje na wavuvi watakwenda wapi walikuwa wanavijiji wenyewe, na walifika mpaka mahakamani. Mradi haukujengwa. Nimeukumbuka kwa sababu hapa kwetu anayelipa gharama ni yule yule, mtu wa ufukweni, ila safari hii amewekwa kuwa mwanachama wa kikundi, kwa hiyo hana wa kumshtaki.

Nilipofunga daftari siku ile mama mdogo aliniuliza, "Kwa hiyo tulikuwa wajinga?" Nikamwambia hapana. Hakuna aliyewafundisha kuhesabu waliobaki. Walifundishwa kuhesabu walionunua. Vyuo vipo hapa hapa, FETA Nyegezi na TAFIRI wako mwendo wa daladala kutoka Mkuyuni, na kama vikundi vingetakiwa kuonyesha daftari la vifo na chakula kabla ya kupewa kifaranga kimoja zaidi, maswali yangeanza kuulizwa mapema, mwezi wa pili, siyo siku ya turubai. Akasema, "Na wewe mwandishi wetu ungeuliza." Sikuwa na jibu.

Kikundi kimepungua, wamebaki saba. Wamekubaliana kujaribu tena kwa nusu ya kizimba, vifaranga 3,000, na vinaingia Jumamosi. Nimeomba niwepo, safari hii bila kamera. Kazi yangu ni kukaa na ndoo na kuhesabu kimoja kimoja mpaka mwisho, muuzaji ameshaambiwa na amenuna. Kinachokosekana ni mzani mdogo wa kuning'iniza unaosoma gramu. Kama kuna mdau Mwanza anao na anaweza kuuazimisha hadi mavuno, naomba anitafute kabla ya Ijumaa.